Herufi Zisizo na Shingo

Barua ya Ratemo nilikaa nayo wiki saba bila kujua inasema nini.

Niliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Kila jioni baada ya kuosha vyombo niliitoa, nikaikunjua, nikaitazama. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Herufi zake zilikuwa zimeshikana mikono na kulala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na mvua, na sikuweza kuona neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Hata jina langu sikulipata humo. "Bwana Yesu," niliomba, "wewe ulimfungua kipofu macho. Nifungulie mistari hii kumi na mmoja tu." Halafu nikaikunja na kumrudishia Daudi anitunzie.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kusoma nilikuwa najua. Nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, katika darasa la jioni alilolifungua Mwalimu Bilhah kwenye ukumbi wa kempu yetu ya wachuma chai, upande wa Kabianga. Sote tulikuwa watu wazima, na vitabu havikuwako. Ratemo, kijana wa Kisii aliyekuwa anapiga chapa masanduku ya chai kiwandani, alifumua gunia, akalitundika ukutani. Juu yake alikuwa amepiga herufi zote kwa wino mweusi, kutoka A mpaka Z. Basi hizo ndizo nilizosoma. Tuliziita herufi za sanduku.

Zilikuwa nene, hazina mkia wala ndevu. Unene wake ulikuwa mmoja juu, chini na kando, na zilisimama zimekaribiana sana. Baba yangu hakuzipenda.

"Angalia," alisema siku moja tukipita mbele ya stoo. "Hazina shingo. Ni kama akina mama wanene wamebanwa kwenye benchi moja la kanisa, hakuna anayetaka kuinuka."

Baba alikuwa na sababu. Yeye, Ojwang, alikuwa nyapara wa chumba cha kupakia. Kabla Ratemo hajaja, kila sanduku lililotoka kiwandani lilikuwa limeandikwa na baba kwa mkono, kwa brashi, herufi nyembamba zenye mikia iliyopinda vizuri kama masikio ya mbuzi. Lakini jina la shamba letu lilikuwa refu, na mara nyingi herufi mbili za mwisho zilipinda kona ya sanduku. Ratemo alipokuja na mabati yake yaliyokatwa matundu ya herufi, alipiga sanduku moja kwa dakika moja, na jina likatosha na nafasi ikabaki. Meneja akafurahi. Baba akabakiwa na kazi moja tu: kujaza namba. Kila sanduku liliachiwa nafasi wazi, na halikuruhusiwa kutoka mpaka Ojwang aandike namba yake kwa mkono. Namba hizo alizichora polepole, kana kwamba kila moja ilikuwa inabatizwa.

Nilimuuliza Ratemo siku moja baada ya darasa, wengine wakiwa wanachukua taa zao.

"Kwa nini ulizifanya nene hivi?"

"Wewe unauliza kama baba yako?"

"Nauliza kama mwanafunzi."

Alicheka, akatoa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia mfukoni. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Nazungusha nusu duara juu, nusu duara chini, katikati nanyoosha kwa rula. Hiyo ni O. Ningeiacha duara kamili ingekula nafasi ya herufi mbili. Nene ni kwa sababu wino unatambaa kwenye mbao. Herufi nyembamba wino ukitambaa inapotea, lakini nene inabaki nene. Na karani wa bandarini hana wakati, lazima aisome akiwa mbali."

"Na hivi vidaraja viwili ndani ya O?"

"Usinikumbushe." Aliinamisha kichwa. "O ya kwanza nilisahau kuviweka. Katikati ya bati ikaanguka. Nilipiga masanduku sita yenye shimo jeusi kama kitako cha sufuria. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini."

"Sijawahi kumwona akicheka hivyo."

"Mimi nilimwona," alisema, akaniangalia. Macho yake yalikaa usoni mwangu muda mrefu kuliko ule wa kumtazama mwanafunzi, nami sikuyakwepa. Ndivyo ilivyoanza, mbele ya gunia.

Ilipofika miezi saba mtu alimwambia baba. Hakunipiga. Alisema tu, "Huyo ni Mkisii. Tena ni Msabato, Jumapili yetu kwake ni siku ya kulima. Tena ndiye aliyeninyang'anya brashi. Sababu tatu zinatosha." Akanitoa darasani. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Bilhah alikuwa anataka kutuanzishia mwandiko wa kuunganisha. Ratemo aliacha kazi kabla hajafukuzwa, na asubuhi aliyoondoka alipita kwenye mizani ya majani, akanitilia karatasi ndani ya kikapu bila kusema neno. Mwalimu Bilhah alikuwa ameshaenda kwao kujifungua. Baba ndiye aliyeweza kusoma mwandiko kama huo, na Celine, jirani yetu. Ningempa Celine, laini zote nane za nyumba za kempu zingejua kabla ugali haujaiva.

Nilijiambia ni barua ya kuaga. Mtu anayeondoka anaandika nini kingine?

Lakini hakuniondokea. Herufi zake zilikuwa kila mahali. Zilikuwa kwenye ndoo nyekundu za moto, MAJI. Kwenye mlango wa zahanati ya kempu, NGOJA HAPA. Kwenye ukuta wa stoo, USIVUTE SIGARA. Nilipita hapo na kikapu mgongoni na moyo ukaruka kama nimeitwa. Halafu mwezi wa pili tangu aondoke mabango mapya yakaanza kuonekana nje ya kempu: kinu cha mahindi, kinyozi, kanisa la barabarani. Niliyajua kwa O zake. Kila jipya lilikuwa mbali kidogo kuliko la jana, kuelekea Kapkatet. Nilikuwa nikimsoma mtu akienda.

Ijumaa moja Obiero, dereva wa lori la majani, aliniita kwenye mizani.

"Ayoo, yule rafiki yako wa herufi nene. Anaandika duka pale Kapkatet. Jumatatu anakwenda Nakuru, kuna mpiga chapa wa matangazo anataka kuchonga herufi zake kwa mbao. Mkataba wa miaka miwili."

Nilishika kikapu. "Leo ukienda huko unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu niko njiani kurudi. Kwani unakwenda kununua nini?"

"Sijui bado."

"Basi panda," alisema Obiero. "Mimi sijakuona."

Mvua ya alasiri ilikuwa imeshanyesha tulipofika, na mabati ya maduka yalikuwa yanatoa mvuke kwenye jua. Ratemo alikuwa juu ya ngazi. Chini yake alisimama mwenye duka, mzee mnene aitwaye Gichana, mikono nyuma. Kwenye ubao juu ya mlango palikuwa pameandikwa DUKA LA GICH.

Ratemo aligeuka kuchovya brashi, akaniona. Hakushuka.

"Umekuja kununua sukari?"

"Nimekuja kukuona."

"Njia imekuwa ndefu. Wiki saba."

"Ratemo, shuka tuongee."

"Niliongea," alisema, akapaka tena. "Mimi na baba mdogo Onyancha tulisimama kwenye kituo cha kununulia chai ile Alhamisi, tukikungoja utupeleke kwenu, tangu saa nane mpaka mvua ikaisha. Mzee alikuwa ameazima koti. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika ni leo. Mara ya nne hakuuliza, alinishika bega tu, tukarudi."

"Alhamisi gani?"

"Usinicheze, Ayoo. Niliandika."

"Sikuisoma."

Brashi ilisimama. "Hukuisoma? Wiki saba ulikuwa unaifanyia nini?"

"Nilikuwa naiombea."

Mzee Gichana alikohoa, akaangalia upande wa pili wa barabara kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Hukutaka kuisoma," Ratemo alisema kwa sauti ya chini.

"Sikuweza!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mwanamke mmoja mwenye ndizi akageuka. Nikaishusha. "Mimi nasoma zile za gunia. Nene. Zinazosimama kila moja peke yake. Barua yako imeshikana yote, ni kama uzi. Nilitolewa darasani kabla ya kufika huko. Nilitafuta hata A moja nikaikosa."

Alishuka ngazi. Alishuka polepole, hatua moja, nyingine, mpaka akasimama mbele yangu, na nikaona amekonda.

"Mimi ni mjinga," alisema.

"Sikusema hivyo."

"Nasema mwenyewe. Ningeweza kukupigia kwa bati, ungesoma ukiwa kwenye mizani. Lakini niliona haya. Nilijiuliza, nitamwandikiaje Ayoo kama namwandikia sanduku la chai? Nikatumia mwandiko wa misheni, ule uliowahi kunipatia zawadi ya kalamu. Nilikaa usiku mbili nikiupamba." Akanyoosha mkono. "Unayo? Lete nikusomee."

Niliitoa kifuani. Ilikuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa. Lakini sikumpa.

"Usinisomee."

"Kwa nini?"

"Ukinisomea itakuwa sauti yako, na sauti yako inapanda basi Jumatatu. Nataka kitu nitakachosoma mwenyewe ukiwa Nakuru."

Aliangalia jua. Nilijua anahesabu nini. Jua likizama Sabato inaingia, na tangu nimjue hajawahi kushika brashi baada ya hapo.

"Mzee Gichana," aliita, "duka nitalimalizia Jumapili asubuhi."

"Jumapili! Siku mbili nzima mimi ni Gich?"

"Watu watakujua tu, mzee. Tumbo lako linasomeka kutoka Litein."

"Ona huyu mtoto!" Gichana alicheka mpaka bega likatikisika. "Haya, mwandikie. Lakini kama ni matusi usitumie wino wangu."

Nyuma ya duka palikuwa na sanduku la chai lililovunjika. Ratemo aling'oa ubavu mmoja, ubao mwepesi usiotimiza urefu wa mkono, akauweka juu ya pipa. Akafungua mfuko wa mabati madogo, seti aliyoitumia kwa maandishi ya uzito. Nilikaa kwenye gunia la maharagwe, magoti yangu yakiwa karibu na kiwiko chake.

Aliweka bati la A. Akagonga na brashi, tap, tap, tap, akaliinua. Kisha Y. Kisha O, na mara hii vidaraja vilikuwapo.

"Ayoo," nilisoma.

"Ngoja, usikimbie."

Ni kazi ya polepole, kupiga barua ya mapenzi kwa bati. Neno halikuji lote mara moja. Linakuja herufi kwa herufi, na wewe unakaa hapo, N, I, N, A, unajua na hujui, K, U, na pumzi umeishika. Alipoinua bati la mwisho la neno lile sikulisoma kwa sauti. Nilifunika mdomo kwa mkono. Yeye hakuniangalia, lakini sikio lake lilikuwa limebadilika rangi.

Aliendelea. Herufi zilisogeleana mstari kwa mstari, hakuna nafasi iliyopotea, na ubao ule mdogo ukabeba yote ambayo mistari kumi na mmoja ilikuwa imenificha.

AYOO. NINAKUPENDA. SITAKI KUJA KWAKO KWA KUJIFICHA. NATAKA KUJA KWENU NA BABA MDOGO TUONGEE NA BABA YAKO. TUTAKUJA TAREHE

Hapo akasimama. Baada ya neno hilo aliacha nafasi wazi, upana wa vidole vinne.

"Malizia," nilisema. "Andika tarehe."

"Sina namba."

"Kwani umezisahau?"

"Sijawahi kuzikata." Alianza kufuta mabati kwa kitambaa, moja moja. "Meneja alinitaka nikate na namba pia, ili nimalize sanduku zima. Nilimwambia bati la namba linavunjika haraka. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Umeona ile mbili ya baba yako, ilivyo na shingo kama bata anayelala? Mimi siwezi kuchora mbili ile. Nilifikiri, nikiiondoa na hiyo, mzee atakuja kiwandani kufanya nini?"

Miezi yote hiyo baba alikuwa akijaza namba na kumchukia mtu aliyemwachia nafasi ya kuzijaza.

"Kwa hiyo huo ubao ni wangu au wa baba?" niliuliza.

"Maneno ni yako. Nafasi ni yake." Akanipa ubao kwa kuushika kando, na kidole chake chenye wino kikagusa changu, kikaacha alama nyeusi. "Obiero anapita hapa Jumapili kuchukua mafuta. Kama nafasi bado iko wazi, mwambie apite tu bila kusimama. Nitaelewa. Jumatatu nitapanda basi."

"Na ikijazwa?"

"Nitapanda basi pia, baada ya siku hiyo. Lakini nitakuwa mtu anayerudi."

Jua lilikuwa limegusa mlima. Aliifunga brashi ndani ya kitambaa, akanawa mikono kwenye maji ya mvua ya mtaro, ingawa wino haukutoka.

"Sabato njema, Ratemo," nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno hayo.

Alifumba macho kidogo. "Asante."

Hatukukumbatiana. Gichana alikuwa mlangoni. Lakini lori liliposhuka kuelekea bondeni niligeuka, na alikuwa bado amesimama chini ya bango lake ambalo halijaisha, mikono imelegea, ananitazama kama mtu anayesoma kitu kirefu.

Barua iliyokunjwa unaweza kuificha kifuani. Ubao wa sanduku hauwezi. Nilitaka kuufunika kwa gunia lakini wino ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo niliushika wazi, na herufi zile zilitengenezwa zisomwe kutoka mbali. Nilipoteremka kwenye laini Celine alikuwa anaanua nguo, taa mkononi.

"Ayoo," alisoma kwa sauti. "Ninaku... Mama yangu! Njooni muone!"

Sikusimama. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, ambapo baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya taa akiondoa matope kwenye buti. Niliuegemeza ubao ukutani mbele yake. Nilikuwa nimeomba njia nzima nipewe maneno, na nilipofika sikuwa na hata moja.

Baba alisoma. Alirudi juu, akasoma tena.

"Aibu gani hii?" alisema. "Kitu cha kuambiwa sikioni kimeandikwa kama USIVUTE SIGARA."

"Baba, aliniandikia ya sikioni. Ninayo wiki saba." Nikatoa ile karatasi, nikaiweka juu ya goti lake. "Nilishindwa kuisoma. Ulinitoa darasani kabla sijafika hapo."

Aliishika barua bila kuifungua. Nyuma yangu majirani walikuwa wamenyamaza, jambo la nadra kwenye laini yetu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Na hapa?" Baba alionyesha kidole kwenye nafasi wazi. "Wino ulimwishia?"

"Hapana, Baba. Ni nafasi ya namba."

"Si apige mwenyewe, fundi wa mabati."

"Hana mabati ya namba. Hajawahi kuyakata. Meneja alitaka ayakate, akamdanganya kwamba yanavunjika. Alisema hawezi kuchora mbili yako, na hakutaka iondoke kwenye masanduku."

Baba aliinama akautazama ubao kwa karibu, kama anavyotazama sanduku kabla halijatoka. Alipitisha kidole kando ya O, pale vidaraja viwili vilipo.

"Bati la namba haliwezi kuvunjika kuliko la herufi," alisema polepole. "Nilijua tangu siku ile. Nilidhani ni uvivu wake."

Aliinuka, mguu mmoja una buti na mwingine hauna, akaingia ndani. Tulimsikia akivuta sanduku lake la nguo chini ya kitanda, akitoa kitu, akirudisha, akitoa kingine.

"Nyar Ugenya," alimwita mama kwa jina la kwao, kama anavyomwita akiwa hana hasira. "Brashi yangu ile ndogo uliiweka wapi?"